Hotuba ya Kukabidhi Namba za Nyumba, Mtaa (Bairro) wa Mnazi Mrefu

Waheshimiwa wakuu wa idara na manaibu wao, shehe wetu, wafanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wazee watukufu, akina mama wavumilivu, na nyinyi mliosimama juani kwa kuwa viti vimewatosha wageni tu: mimi, Direktori Alberto, Msimamizi Mkuu wa Projekto ya Anwani, nawasalimu. (Makofi ya meza kuu.)

Kwa mujibu wa plano la mpangilio jumuishi wa makazi, kila njia imepewa jina na kila nyumba namba, kuanzia upande wa bandarini, witiri kushoto, shufwa kulia, na hivi ninavyosema tumekwisha kuhesabu nyumba 412 kati ya 400, yaani asilimia mia na tatu, ufanisi ambao mimi binafsi sijauona hata Maputo nilikosomea. (Minong'ono.) Hizo kumi na mbili za ziada ni bidii yangu.

Naona mama amenyanyua mkono. Karibu, mama.

(Mwanamke: "Naitwa Alima. Jumatatu mwanangu Zuleica alishikwa na uchungu, tukapiga simu zahanati. Wakasema kwenye orodha yenu nyumba yangu ni sabini na tatu. Gari la wagonjwa likazunguka likiitafuta sabini na tatu mpaka adhuhuri. Tulipotoka kulifuata, mwanangu kajifungulia njiani, mchangani, mbele za watu. Hiyo sabini na tatu imeandikwa wapi, Direktori?")

Ahsante, mama. Swali la kitaalamu. Kwanza, hongereni. Pili, mtoto amezaliwa katika barabara ya umma, yenye jina, kwa hiyo ndiye mkazi wetu wa kwanza mwenye anwani kamili ya kuzaliwa. Tatu, gari halikupotea. Dereva hajapata semina ya kusoma namba ambayo haijabandikwa.

(Alima: "Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Ila si kwa msaada wako." Anaondoka. Akina mama wanamfuata, kisha wazee.)

Akina mama wana shughuli nyingi, tuendelee. Semeni nami: Namba ni maendeleo. Nyumba bila namba ni kichaka. (Wanaitikia wawili, wa meza kuu.)

Mwisho, namshukuru fundi Lázaro kwa kibao kimoja cha namba kilichopigwa picha zote za ripoti, ambacho kipo mlangoni kwangu. Nawashukuru wapimaji, ambao tutawaajiri. Nanyi mliobaki, nawashukuru kwa kuupokea kwa mikono miwili mradi ambao, Mungu akipenda, tutauombea fedha mwakani.