Clovis Amechukua Hewa, Yamebaki Maji

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepoteza harusi ya Kaliza juzi Jumamosi, saa nane mchana, macho yangu yakiona. Clovis, mpiga picha mwenzangu wa mtaani, alifika na droni yake, ile kamera ya kuruka. Ikapaa. Bibi harusi akatazama juu, na hakushusha kichwa tena. Picha zangu zote ni matundu ya pua! Familia ikaniambia basi, mimi nikae nile pilau.

Nilianza na shuka moja la bluu na picha za pasipoti. Hakuna aliyenisaidia. Leo natolewa kazini na kitu chenye sauti ya nzi.

Nimewaza usiku kucha. Clovis amechukua hewa. Yamebaki maji.

Jumapili kanisa letu la Batsinda linabatiza kwenye bwawa la hoteli. Pasta Karangwa anatafuta mpiga picha wa mwaka mzima. Amesema tuje wote wawili, mimi na Clovis, atachagua mmoja. Nikikosa hiyo kazi, nafunga studio.

Nyiraneza, mke wangu, ameuliza kama najua kuogelea. Nimemjibu kwamba mimi nashuka, sivuki.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua kasha la kamera la kuzuia maji pale Muhima, dukani kwa Nizeyimana, muuza kamera. Kaniagiza nilizamishe kwanza bila kamera, na karatasi ya chooni ndani. Karatasi ikitoka kavu, ndiyo niweke kamera. Imetoka kavu! Nikaweka kamera, nikapiga ndani ya pipa letu, na flashi. Balaa. Kila chembe ya uchafu imewaka, kama mtu kapepeta unga wa muhogo mbele yangu.

Nimempigia Nizeyimana. Anasema bwana, zima flashi, tumia jua, na usogee karibu mpaka uogope. Maji yanakula picha.

Jirani alipita nikiwa kichwa ndani ya pipa. Akamuuliza mke wangu, kwa upole, kama nyumbani kuna amani.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi bwawani. Sizami! Kilo tisini na mbili, naelea kama jerikani tupu. Picha zote ni za miguu ya watoto wa watalii.

Jioni nikaenda Biryogo, nikaazima pasi mbili za mkaa kwa mafundi cherehani wenzake mke wangu. Nikazifunga kiunoni. Nikazama vizuri sana. Kupanda ndiko kulikonishinda. Sangwa, mlinzi wa bwawa, alinivuta kwa ukosi, akauliza: "Mzee, samaki gani huko chini anapigiwa pasi?"

Watu wakacheka. Nimechoka na watu.

Lakini nimepata dawa: nitafunga kwa fundo la kuvuta mara moja.

Jumapili, 9 Machi
Waumini kumi na wawili. Kila mmoja anazama sekunde moja! Nani anaweza kupiga picha ya sekunde moja? Nilikuwa nimemwomba Pasta awashike chini kidogo, ahesabu mpaka nne tu. Akasema yeye anabatiza, haloweki maharage.

Kumi na mmoja wa kwanza: mapovu. Wa mwisho, Mama Kankindi wa kwaya: mapovu. Nikaibuka nikapiga kelele kwamba haikutoka, arudie. Yeye anapenda picha kuliko chakula. Akaziba pua, akarudi chini mwenyewe, akakaa. Nikapiga saba! Macho wazi, mashavu yamejaa, mwanga unashuka begani. Safi!

Juu, ugomvi. Ubatizo wake ni upi? Pasta alisema ni wa kwanza, ule mwingine ni kuoga. Mama Kankindi akasema hapana, wa kweli ni ule wenye picha.

Nimezituma zote saba kwenye grupu la kanisa la watsapu. Wote waone kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Nilitazama uso tu. Sikutazama kanzu. Chini ya maji kanzu hupanda. Ilikuwa imefunguka shingoni kwake kama mwavuli, na chini yake alivaa kaptula ya mumewe, ya timu ya mpira. Wamo mia mbili na arobaini kwenye lile grupu. Mumewe ameandika neno moja: "Ndugu." Sijalala.

Clovis naye ametuma moja, ya kutoka juu: Pasta, waumini, anga, na kitu cheusi kimekaa sakafuni mwa bwawa. Wazee wameuliza ni kitu gani. Clovis amewaambia ni mimi.

Jumatano, 12 Machi
Pasta ameniita. Mwaka mzima kampa Clovis. Alisema polepole, akinishika mkono kama mfiwa.

Mke wangu anasema niombe radhi kwa Mama Kankindi, nirudi kwenye pasipoti. Mawazo ya mtu aliyekata tamaa.

Nimekaa nimepiga hesabu. Kosa si langu. Kosa ni ubatizo wenyewe, umepangwa bila kufikiria kamera. Nimemwandikia Pasta: kundi la Mei, kila muumini azamishwe mara mbili, mara moja kwa Mungu, mara moja kwangu. Kanzu zifungwe kamba magotini. Nataka jibu la ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Na asiniambie kwamba jambo hili wataliombea.