Noti za X na Kabati la Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na mbili kabla ya maonyesho. Siwezi kutulia. Nikikaa, goti linacheza lenyewe. Mke wangu kasema meza ya kulia imelegea misumari kwa sababu yangu. Kanihamishia kwenye kigoda.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikifa ijulikane nani alikuwa na haki. Chama chetu cha wakusanyaji wa noti kina wanachama kumi na mmoja na kabati moja la kioo. Kabati huwekwa mlangoni mwa ukumbi wa maktaba, na hupewa mwenye noti nyingi za X. Waliobaki tunapangwa nyuma, karibu na birika la chai. Miaka minne nimekaa pale! Watu wakinifikia wananiuliza sukari iko wapi.

Noti ya X si noti hivi hivi. Noti ikiharibika kiwandani wakati wa kuchapwa, huchapwa nyingine ishike nafasi yake, na namba ya hiyo nyingine huanza na herufi X. Zamani nilikuwa nazikuta kwenye chenji. Sasa miezi tisa sijaona hata moja. Mwenyekiti wetu, mama aliyestaafu posta, anasema mitambo mipya haikosei. Maendeleo yatatumaliza.

Ninazo sita. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la dawa, naye anazo sita. Huyu ndiye aliyenibatiza jina la Bwana Nailoni, kwa sababu noti yangu ya kwanza niliipitisha kwenye ile mashine ya kutilia vyeti nailoni, nikidhani naitunza. Sikujua kwamba kwa wakusanyaji noti iliyotiwa nailoni ni maiti. Sasa najua. Ananikumbusha kila tukikaa mezani.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Duka langu ni la fotokopi. Kila mteja aliyetaka kulipa nilimwomba atoe noti zake zote, nichague mwenyewe. Hadi saa nne wateja watatu walikuwa wamehamia kwa jirani. Mmoja aliondoka na cheti chake cha kuzaliwa kabla sijakitoa kopi, kakikumbatia kifuani.

Mchana nikaenda benki, nikatoa akiba yangu yote kwa noti ndogo ndogo. Nikazikagua palepale kwenye benchi. Hakuna X. Nikapanga foleni tena kuzirudisha. Keshia, dada mmoja mpole, akauliza kama nyumbani kuna tatizo. Ni mara yangu ya tatu kufanya hivi tangu Ijumaa. Mlinzi alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia niugue pole.

Jumatano, 5 Machi

Msiba! Shemeji kapata ya saba. Kaletewa na mtu aliyekuja kununua dawa ya kikohozi. Akaja nayo kwetu saa ya chakula, eti anamsalimia dada yake. Kaiweka mezani ndani ya bahasha angavu, kati ya sahani yangu na chumvi. Akauliza nimeionaje. Nikasema nzuri. Mke wangu akampongeza, akamwongezea nyama. Nyama yangu! Ndani ya nyumba yangu!

Sikumaliza kula. Nimeuzunguka mtaa mara sita. Mzunguko wa sita wazo likanijia, zuri mno, ikabidi nishike ukuta.

Watu hawatoi noti za X kwa sababu hawajui kama wanazo. Basi wapewe sababu ya kuzitafuta, na sababu ya kutozitaka. Nikaingia kwa kinyozi. Nywele zangu si za kumshughulisha kinyozi, lakini nilikaa. Nikamnong'oneza kwamba noti za X ni bandia. Nikaongeza kwamba mimi, kwa ujuzi wangu na kwa huruma tu, naweza kumbadilishia mtu. Kisha nikamwapisha asimwambie yeyote. Hakuna redio inayofika mbali kama kinyozi aliyeapishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi! Kabla sijamaliza kufungua milango wameshajaa. Tatizo ni kwamba hawajui X ni ipi. Mmoja kaleta noti iliyochanika. Mama mmoja kaleta sarafu. Mzee mmoja kaleta risiti ya umeme. Lakini saa tano akaingia mwenye bucha na noti ya X mpya kabisa, yenye tone moja la damu pembeni. Nikampa noti safi. Kanishukuru kana kwamba nimemtoa kisimani.

Saba kwa saba! Nilitaka kuifuta damu kwa mate, nikajizuia. Mimi ni mtu anayejifunza.

Ijumaa, 7 Machi

Uvumi umenitoka mikononi. Asubuhi zilikuwa noti za X. Saa nne zikawa noti zote za kijani. Adhuhuri muuza mboga akakataa fedha ya aina yoyote, akafunga genge. Benki nayo ikabandika tangazo: mwenye noti anayoitilia shaka aipeleke dirisha la tatu, apewe nyingine.

Nilisimama nje nimebandika paji la uso kwenye kioo. Keshia anainua kila noti kwenye mwanga, anaitupa kwenye gunia la noti za kuharibiwa. X tano zimepita mbele ya macho yangu. Tano! Sikuvumilia. Nikaenda kwenye foleni kuwasihi watu wanipe mimi badala ya benki. Mwanamke mwenye kikapu akanitazama juu mpaka chini.

"Si wewe mwenye mashine ya fotokopi?"

Foleni nzima ikageuka. Nikaondoka. Sikukimbia. Nilitembea kwa haraka sana.

Alasiri akaja askari dukani, mtu wa miwani, hana haraka. Akaitazama mashine yangu, akauliza kama inatoa rangi. Nikasema inatoa kijivu, na hicho chenyewe kwa kubembelezwa. Akauliza habari hizi za noti nimezipata wapi. Nikasema nimezisikia kwa kinyozi. Sikudanganya: jana nilipita kwake nikazisikia, tena zimeongezwa chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Habari za askari zilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu hajala tangu jana. Asubuhi kaketi mbele yangu, mikono mapajani, akauliza kama noti zinazosemwa ndizo zile za kwenye albamu yangu.

"Ndizo," nikasema.

"Na ni bandia?"

Hapa nilikuwa na njia mbili. Nikisema kweli, itamfikia kaka yake kabla chai haijapoa, naye Shemeji atanitangaza kwa kila anayenunua panadoli. Nikaangalia dari.

"Watu ndivyo wanavyosema."

Akainuka, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Sijawahi kuwa na furaha hivi! Shemeji kazipeleka zake! Zote saba, jana asubuhi, dirisha la tatu. Kasema mtu mwenye leseni ya dawa hawezi kukutwa na fedha bandia. Alikuja kutueleza, macho mekundu, chai ikamshinda. Nikamshika bega, nikamwambia pole, shemeji, pole sana, huku nauma ulimi nisicheke. Kuna dakika nilimwonea huruma ya kweli. Alianza kuzikusanya akiwa bado mwanafunzi. Halafu dakika ikapita.

X zinateketea mji mzima, na saba ni zangu! Nimechora namna nitakavyozipanga kabatini. Nimechora mara nne. Mke wangu alimsifu kaka yake kwa uamuzi wa mtu mzima. Alimsifu tena, akinitazama mimi. Nikamwunga mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimesimama.

Nilirudi nyumbani saa sita. Mke wangu alikuwa amevaa nguo ya kutokea, uso unang'aa. Sahani imejaa. Kando ya sahani, albamu yangu. Nikaifungua. Kila mfuko una noti ya kawaida, mpya, imepangwa vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia benki ilipofunguliwa.

"Nimekuokoa, mume wangu," alisema. "Siku zote hizi nikifumba macho nakuona jela."

Kisha akalia begani kwangu. Baadaye akala, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, vijiko viwili viwili. Nilimpapasa mgongo. Niliona haya, naandika wazi. Kama ningefungua kinywa ningemwambia yote. Sikukifungua.

Nikakimbilia benki. Keshia yule yule mpole akasema noti zimeshatobolewa kwa mashine, ndio utaratibu. Nikauliza kama naweza kupata angalau vile viduara vilivyotoka kwenye matundu. Mlinzi hakusubiri kuitwa.

Alhamisi, 13 Machi

Tangazo jipya benki. Noti za X ni halali, zilikuwa halali siku zote, wananchi wapuuze uvumi. Asanteni sana!

Mwenyekiti alikuja dukani anahema. Kasema hajabaki mwanachama hata mmoja mwenye X. Kawaandikia vyama vya miji mingine, nao wanalia ukame ule ule. Miaka thelathini ya kukusanya imefutwa kwa wiki moja. Alitaka kujua ni mwehu gani aliyeanzisha jambo hili. Nikamtolea kopi za barua zake bure.

Jumamosi, 15 Machi

Maonyesho. Kabatini kuna noti moja tu ya X, na ni ya kinyozi. Kinyozi! Kajiunga na chama juzi jioni!

Alinivuta pembeni kunieleza. Mteja alimlipa noti hiyo siku ile ile uvumi ulipoanza. Hakuona sababu ya kuipeleka benki, maana yeye alijua uvumi umetoka kwenye kiti gani. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama namtolea bure kopi za orodha yake ya bei. Nikamtolea. Atazihitaji kila mwezi, kasema.

Watu walipanga foleni mpaka barabarani. Shemeji aliinamia kioo muda mrefu, miwani mkononi.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano wa dharura wa chama. Wenzi wetu nao walialikwa. Mke wangu ndiye aliyeongea kwa uchungu kuliko wote. Alisema aliyezusha uvumi ule kamfanya aiharibu kwa mikono yake mwenyewe kazi ya mumewe ya miaka minne, na atafutwe hata akijificha kwenye tundu la panya. Shemeji akamwunga mkono, akasema Bwana Nailoni hakustahili haya. Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Kinyozi akasimama, akanipendekeza niiongoze, akasema hamjui mtu aliye karibu na jambo hili kuliko mimi. Hakutabasamu hata kidogo. Nikapita bila kupingwa.

Wote wakanigeukia. Mke wangu akanishika mkono. Nikasimama, nikakohoa, nikawashukuru kwa imani yao.

Kikao cha kwanza ni kesho saa tatu, dukani kwangu. Nimeshachapa matangazo sabini. Nimeomba yeyote aliyebaki na noti ya X ailete kama ushahidi, aniachie mimi kwa siku chache tu.