Alhamisi ya Kituo cha Angani

Jumatatu, 3 Februari 2025
Binti yangu Ilhan amepata kazi. Alhamdulillahi! Kupima maji ya visima. Huko Mandera. Astaghfirullahi! Nani atamkumbusha kula? Nimekataa. Akasema, "Hooyo, usikatae bado. Alhamisi baada ya Asri tuangalie filamu ya Kituo cha Angani, halafu uniambie." Jirani yangu Kaaha ameshaona tangazo lake: binti wa kituoni anamwacha mama, anaruka kwenda sayari nyingine kutafuta maji. Mtego! Najijua mimi. Hata tangazo la sabuni hunitoa machozi. Nikiangalia, nitasema ndiyo.

Jumanne, 4 Februari
Nimechomoa kadi ya king'amuzi, nimeizika ndani ya unga. Televisheni imekufa, maskini. Nimesikitika mbele ya watu. Labda nimezidisha. Kaaha akanihurumia, akasema Alhamisi twende kwake, yake ni inchi hamsini. Hizo inchi zake! Hawezi kutoa salamu bila inchi.

Jumatano, 5 Februari
Akili imerudi. Nimempigia shemeji Abdille, kaka wa marehemu mume wangu, aache ngamia wake siku moja aje Alhamisi kunywa chai. Mzee hapendi televisheni. Akikaa, hakuna wa kutoka nyumbani, na Ilhan ndiye wa kumimina chai. Tena neno la mwisho juu ya Ilhan ni lake. Akikataa yeye, mimi sina kosa!

Alhamisi, 6 Februari
Shemeji amefika. Kaaha naye akafika, eti mgeni wetu ni mgeni wake, twende kwake sote. Shemeji akakubali! Chai ikabebwa.

Kituo kinaning'inia gizani. Maji yamebaki ya siku tisa. Nahodha ndiye mama. Binti yuko mlangoni na kofia ya kioo, mama kashika kitufe, habonyezi. Nikapiga kelele, "Usifungue, dada!" Shemeji akaninyamazisha. Akauliza hao watu wana mifugo mingapi. Ilhan akamwambia hawana. Akawasikitikia sana. Kisha akasema, "Huyo msichana ni sahan." Kwetu sahan ni yule anayetangulia kutafuta maji na malisho kabla familia haijahama. "Sisi tulipeleka wanaume, nusu wakapotea. Hupelekwa mwenye macho makali. Mama humfungia maziwa, hamshiki nguo. Mbona huyu anachelewa? Watakufa kiu wote!"

Mama akabonyeza. Mlango ukafunguka. Nimelia mpaka Kaaha akapunguza sauti. Shemeji akamgeukia Ilhan, akamuuliza yeye atapima maji wapi. Akamjibu ami yake, "Mandera, Adeer." Mzee akainua mikono, akamwombea dua ya safari. Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikasema amina!

Ijumaa, 7 Februari
Nimetulia. Mtoto mkubwa hafungwi kamba. Nimemwachia Mungu, kabisa. Nimemwahidi Ilhan simu moja tu kwa siku. Akanikumbatia, akasema, "Hooyo, umebadilika!" Tukalia wote.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Yeye kiti cha nne. Mimi kile cha nyuma kabisa. Nimeazima niqabu ya Kaaha, hatanijua. Akisikia njaa, kondakta atampelekea anjera zangu, na nimeshamwambia asiseme zimetoka kwa nani.