Nani Alikata Utepe wa Mita Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo Nesi amesema mbele ya walimu wote, kikombe cha chai mkononi, kwamba mwaka wetu wa mwisho hapa shuleni mbio za mita mia mbili alishinda yeye. Kasema hivi hivi tu, kama mtu anayetaja leo ni siku gani. Nikaweka kikombe changu chini. Nikasema kwa upole kabisa kwamba alishinda mwingine, na mwingine huyo ndiye karani wa shule hii kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nesi akacheka. Akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha.

Miaka thelathini na sita tunabishana. Tulisoma hapa, tukakimbia hapa, tukaolewa, tukarudi hapa kufanya kazi. Yeye yuko chumba cha huduma ya kwanza, mimi ofisi ya mbele, ukuta mmoja katikati. Nikikohoa anasikia.

Safari hii mambo ni mazito. Shule inatimiza miaka hamsini. Mwalimu Mkuu anatengeneza kitabu cha picha, na kila mwaka utakuwa na orodha ya mabingwa wake. Anayechapa orodha ni mimi. Mwaka wetu nilishauchapa wiki iliyopita, jina langu likakaa vizuri sana. Leo mchana Mwalimu Mkuu kaniita, kaweka kidole chake pale pale, kaniuliza ushahidi uko wapi. Daftari la michezo la mwaka ule liliishia tumboni mwa mchwa. Basi, akasema, mstari uachwe wazi mpaka apatikane mtu mwenye picha au karatasi. Nimelifuta jina langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nina wazo. Mpiga picha wa kitabu atakaa meza moja na Mwalimu Mkuu kupanga kurasa. Mwenye kupanga kurasa ana sauti. Nitapiga picha siku ya michezo.

Sijawahi kushika kamera. Hilo ni jambo dogo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kamera imepatikana. Mdogo wangu aliiacha kabatini alipohama, imefungwa ndani ya taulo. Nzito kama pasi ya mkaa. Mume wangu ni fundi saa, meza yake iko dirishani pale sebuleni. Akaipangusa kwa kitambaa chake laini, akaniuliza nataka kuifanyia nini. Nikamwambia heshima ya shule. Hakuondoa hata kile kioo chake cha kukuzia jichoni. Akasema, “Ni Nesi tena?”

Nikamwambia Nesi hahusiki kabisa.

Akanifundisha kushika. Viwiko vibane mbavuni. Vuta pumzi, ishike, bonyeza taratibu kama unayejaza saa ya mkononi. Nikampiga picha kumi na moja akiwa kazini. Zote hazina kichwa. Akazitazama moja moja, akasema mikono imetoka vizuri.

Mwalimu Mkuu amekubali nipige. Kuna tatizo moja: mpiga picha rasmi ni Mwalimu wa Fizikia, yule mwenye mkoba wa mifuko kumi na mbili na lenzi ndefu kama bomba la maji. Kurasa mbili za katikati zitakwenda kwa picha nzuri kuliko zote, iwe ya nani iwe ya nani.

Vita imeanza.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mazoezi ya netiboli. Picha mia moja arobaini. Miguu, viatu, mgongo wa refa, kidole gumba changu. Wasichana wote weusi tititi kama vivuli kwa sababu jua lilikuwa nyuma yao, na wale wasio vivuli wametoka na ukungu, kama wanacheza ndani ya mvuke wa sufuria. Mpira wa netiboli si mdogo. Sikuupata hata mara moja.

Halafu nikakaa kwenye benchi nikasahau kilichonileta. Wanaimba bado ule wimbo wa kuwazomea wapinzani. Maneno yamebadilika, makofi ni yale yale: mawili, kimya, matatu. Filimbi ni ile ile, ya kukwaruza. Kwa muda nilikuwa na miaka kumi na saba na sketi ya kuazima. Nesi alikuwa anakaa kushoto kwangu siku zile, anakula miwa na kutema makapi mbele ya viatu vyangu makusudi.

Leo kapita na sanduku lake la dawa, kaniuliza kama nimeishiwa nguvu. Nikamjibu natafuta mwanga.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimefanya upelelezi. Mwalimu wa Fizikia ana klabu ya kamera, wanakutana maabara baada ya vipindi. Nikaingia na karatasi, nikasema nimekuja kuhesabu viti. Nikahesabu polepole.

Kumbe mambo si ya ajabu. Jua liwe mgongoni kwako. Kasi ya kamera ipandishe mpaka mkimbiaji agande hewani. Usimkimbize kwa macho, chagua mahali atakapofika umsubiri pale. Na mwisho akasema jambo ambalo nililiandika kwa adabu tu: watu wakishakata utepe usishushe kamera, maana wakati wa kukimbia ni misuli, na uso wa mtu unarudi akishamaliza. Sikuona maana. Ukishamaliza umemaliza.

Nilipofika mlangoni akaniuliza viti vingapi. Nikasema thelathini. Akasema viko kumi na vinane, lakini karibu tena kesho, kuna nafasi.

Ananidharau.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Pigo la kitaalamu. Ramani ya uwanja huchorwa na karani. Nimejiweka mimi kwenye utepe kabisa, hatua tatu kutoka mstari wa mwisho. Mwalimu wa Fizikia nimemweka ng'ambo, nyuma ya wavuta kamba, karibu na vyoo. Mwalimu Mkuu akatia saini bila kusoma. Mhuri nikaupiga mwenyewe, kwa nguvu.

Saa tisa Mwalimu wa Fizikia akaja ofisini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akanishukuru. Akasema mchana jua litakuwa mgongoni kwake kabisa, na utepe utaonekana wote bila kichwa cha mtu mbele. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi nzuri hivyo. Nilijuaje?

Nikasema uzoefu.

Nimejiweka mwenyewe jua machoni. Na ramani imeshabandikwa ubaoni, ina mhuri.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Siku ya michezo. Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mito miwili, jua halijazama.

Asubuhi ilikwenda vizuri kwa maana ya kwamba hakuna aliyeumia. Kuruka chini nilimngojea msichana pale atakapotua, kama nilivyofundishwa. Akatua kwingine. Tufe nililipiga picha likiwa limeshaanguka. Kuvuta kamba nilipata upande mmoja tu, watu kumi wamelala kinyumenyume bila sababu.

Saa nane, mita mia mbili. Nilikuwa nimesikia wapiga picha wazuri hushuka chini ili wakimbiaji waonekane warefu. Nikapiga goti pembeni ya mstari. Nikabana viwiko. Nikavuta pumzi. Wakatoka kwenye kona, wasichana sita, na wawili, wa fulana ya kijani na wa njano, wakajitenga, bega kwa bega. Niliujua ule mwendo. Najua mtu anafikiri nini akisikia miguu ya mwenzake sikioni. Nikashika pumzi, nikasahau kubonyeza. Wakapita. Utepe ukakatika. Nina picha ya nyasi.

Nikataka kusimama. Goti likakataa.

Sikupiga kelele. Lakini Nesi alishaanza kuja kabla sijainua mkono, anatembea haraka bila kukimbia, jinsi wanavyofundishwa. Akapiga magoti, akaukunjua mguu wangu, akaanza kuuchua.

“Nani kakutuma upige goti kwa umri huu?”

“Nafanya kazi.”

“Umemwona aliyeshinda?”

“Wa kijani.”

“Wa njano,” akasema, na akaendelea kuchua.

Tulikuwa tumeanza kubishana kuhusu hilo pia nilipowaona. Wale wasichana wawili walikuwa hatua nne kutoka kwetu, chini, hawana pumzi. Chokaa ya mistari ilikuwa imewaingia kwenye visigino vilivyopasuka, na yule wa njano alikuwa ameshika jagi, anammwagia mwenzake maji miguuni, taratibu, huku wote wawili wanacheka bila sauti. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Chokaa ile huwasha sana. Mimi nilikuwa nashika jagi, Nesi ananyoosha miguu, zamu inafuata. Nilikuwa sijakumbuka hilo tangu tumalize shule.

Mikono ya Nesi ilisimama juu ya goti langu. Naye alikuwa anaangalia. Nikainua kamera. Jua lilikuwa machoni kwangu, likipita ndani ya yale maji. Sikubana viwiko wala sikushika pumzi. Nilibonyeza mara moja.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Picha mia nne na kumi na mbili. Mume wangu kazipitia zote kwa subira ya mtu aliyezoea vitu vidogo. Alipofika kwenye ile ya jagi akavua kioo chake jichoni, akaipangusa skrini, akaitazama tena kwa macho matupu. Akasema hii imesimama.

Nikachechemea mpaka kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa na Mwalimu wa Fizikia na picha zake, zote safi, kila mkimbiaji kaganda hewani, jasho linahesabika. Nikaweka yangu mezani. Wa kwanza kusema alikuwa Mwalimu wa Fizikia. Alisema kurasa za katikati zimepata mwenyewe, na kwamba nilikuwa na akili kujiweka jua mbele. Nikatafuta kejeli usoni pake, sikuipata. Inawezekana anaificha vizuri.

Nimeshinda. Ila nilipoulizwa nina jambo gani la kusema kuhusu kupanga kurasa, sikukumbuka.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nesi kaja nyumbani mchana na mafuta ya kuchua. Kaomba aione ile picha. Akaiangalia muda mrefu, akasema yule mwenye jagi anashika jagi vibaya, kama mimi. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kitabu chake cha zamani cha uuguzi, na ndani ya kitabu bahasha, na ndani ya bahasha picha.

Ndogo, kingo zimekuwa za manjano. Aliipiga mjomba wake aliyekuja kumwangalia siku ile. Uwanja wetu. Utepe uko kifuani kwa Nesi. Mimi niko nyuma yake, hatua nzima, mdomo wazi, sketi ya kuazima imepanda, macho yangu yako mgongoni kwake.

Mume wangu akanyanyuka, akasema anakwenda kutazama maji jikoni. Hakukuwa na maji jikoni.

“Unayo tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu wiki ile ile.”

“Na miaka yote hii unanisikiliza tu?”

“Ningekuonyesha, ungekuja tena kwangu?”

Nikasema ningekuja. Akasema, “Wewe?” Ananijua.

Akairudisha picha kwenye bahasha, akaniachia mezani. Akasema kwenye ule mstari niandike jina langu kama ninavyotaka. Yeye miaka yote alikuwa na picha, na ilikuwa inamtosha. Halafu akalipaka goti langu mafuta, tukazungumza habari za wasichana tuliosoma nao, nani yuko wapi, nani hayupo. Tulicheka sana. Alipoondoka nililia kidogo, kwa sababu ya mafuta, yana pilipili.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Saa mbili asubuhi nimechapa jina la Nesi kwenye mstari wa mita mia mbili. Herufi kamili, bila kosa. Mwalimu Mkuu kaiona picha, kaniangalia, kanishika bega. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilikaa hivyo mpaka saa nne.

Saa nne nikaiangalia tena ile picha. Sasa mimi si mtu wa kudanganywa na picha. Nimejifunza. Nimeipitisha chini ya kile kioo cha mume wangu, nilichokiazima asubuhi bila kumsumbua kwa kumwambia. Yule mjomba hakusimama sawasawa na utepe. Alisimama kabla yake, hatua mbili hivi, upande wa Nesi. Ukipiga kutoka pale, aliye karibu nawe ataonekana ametangulia hata kama wako sambamba. Mwalimu wa Fizikia mwenyewe angekubali. Nikaongeza maneno chini ya jina la Nesi: “kwa mujibu wa picha iliyopigwa pembeni.” Mwalimu Mkuu akayafuta, bega hakunishika.

Mchana nilimuuliza mume wangu kwa mtazamo wa kitaalamu. Kwanza alitaka kioo chake. Halafu akaiangalia picha na kusema, “Amekushinda.” Ana macho ya saa tu.

Basi nimepanga. Siku ya michezo ya mwaka ujao kutakuwa na mbio za wanafunzi wa zamani, wanawake, mita mia mbili. Nimeshaandika tangazo. Mwalimu wa Fizikia nimempelekea barua ya heshima kumwomba asimame sawasawa na utepe, asizidi wala asipungue hata nusu hatua, na nimemwambia nitakuja klabuni kwake kumwonyesha mahali penyewe. Amejibu kwamba atafurahi.

Mazoezi nimeanza leo, kutoka ofisini mpaka getini na kurudi. Nesi akachungulia dirishani kwake, akaniuliza nakimbilia wapi na goti lile. Nikasema nilidhani nimesikia gari la barua. Akaniita ndani anipake mafuta.

Hajui bado kwamba jina lake limo kwenye orodha ya wakimbiaji. Nimemwandikisha mwenyewe, na mhuri nimepiga.