Nilitangaza Nyumba, Sikutangaza Majirani

Gidion Odera,
Mtaa wa Mawe Matatu,
Mkolani, Mwanza.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MNUNUZI ANAYEKAGUA NYUMBA KUPITA KIASI, NA MAJIRANI WANAOSEMA KWELI BILA KUOMBWA

Salamu zitangulie. Kwa kuwa umri wako ni sawa na wa binti yangu, shikamoo yako nimeipokea nikiwa hapa hapa mezani. Marahaba, mwanangu. Sasa tuingie kwenye jambo.

Kama unavyofahamu, nauza nyumba. Si kwamba nina shida. Binti yangu Queen, anayefanya kazi Dodoma, alisikia nilivyoteleza kwenye ngazi za mawe nikaumia goti, akaamua kuwa baba yake hawezi tena kuishi peke yake mlimani. Ameniandalia chumba chenye vigae na choo cha ndani, katika nyumba yenye geti na mlinzi. Nimekubali kwa furaha kubwa. Furaha yenyewe ni kubwa kiasi kwamba hata usingizi siupati. Kilichobaki ni mnunuzi, na mnunuzi nimempata, ndiyo sababu nakuandikia kwa uchungu.

Jina lake ni Jonathan Chenge. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na kwa sasa amepanga Mkuyuni. Kwa kumtazama ni kijana mstaarabu, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Lakini ana tabia ambayo sijawahi kuiona kwa mnunuzi: anataka kuijua nyumba kabla hajainunua. Mwenyekiti, mimi nilimwoa marehemu Adoyo bila kumkagua hivyo, na tuliishi vizuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikuja wakati wa mvua. Dalali wangu, mtu mwenye uzoefu, alinishauri tuoneshe nyumba siku za jua tu, asubuhi, madirisha yakiwa wazi na rangi ikiwa bado inanukia upya. Wanunuzi wenye adabu wote hufuata utaratibu huo. Chenge naye alikuja siku ya jua, akashukuru, akaondoka. Kumbe alikuwa anasubiri. Ile mvua kubwa iliyozoa mchanga mpaka barabarani ilipopamba moto, namwona anapanda mlima na mwavuli wake, anapiga hodi. Sasa nyumba ya mlimani hapa Mwanza ukiitazama wakati wa mvua unakuwa umeivunjia heshima. Maji ya kwenye jabali la nyuma hupita kwangu tangu mwaka niliojenga. Huingia kwa mlango wa jikoni na kutokea mlango wa mbele, hayana ugomvi na mtu. Sisi tumezoea kuinua miguu. Yeye alisimama sebuleni, viatu mkononi, akaniuliza kama hali hii hutokea mara kwa mara. Nilimjibu kuwa maji yalikuwa yamesikia kuna mgeni, yakaja kumsalimia.

2. Alitazama juu. Mtu aliyelelewa akiingia kwa watu hutazama kiti alichooneshwa. Huyu alitazama dari. Akayafuatilia mabaka yote ya maji kuanzia mlangoni mpaka chumbani, akagonga kuta kwa kidole huku ametega sikio, akanusa nyuma ya pazia. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa gololi. Mtu mzima, ana ndevu, ana mke, anatembea na gololi! Akaiweka katikati ya sebule na kuiachia. Gololi ikaondoka yenyewe, ikapita chini ya meza, ikafika mlango wa mbele na kugonga ndoo. Nilimweleza kuwa mteremko ule niliuagiza kwa fundi makusudi, ili kudeki kuwe rahisi. Maelezo yangu akayaandika kwenye simu yake, bila kucheka, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

3. Alikwenda kwa Modesta. Hapa ndipo damu inaponichemka. Alipomaliza kunikagua mimi alianza kuukagua mtaa, na bila soni akaanzia kwa mtu anayenijua kuliko wote. Modesta unamfahamu, ndiye anayekaanga samaki chini ya ukuta wangu, na ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Nilitegemea atanisitiri. Badala yake akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea kichwa cha sato kwenye sahani, akaanza. Mimi nilikuwa dirishani, nasikia kila kitu. "Nyumba ya Baba Queen ni nzuri, mdogo wangu, ila chumbani kuna ufa, kaufunika na kabati. Maji ya bomba yanakuja yakipenda, yakija tunaitana. Choo chake kikijaa anakuja kwangu, changu kikijaa naenda kwake." Kila neno ni la kweli, Mwenyekiti, na ndiyo maana nalalamika. Angesema uongo ningeukanusha. Kweli nitaifanya nini?

4. Kutoka hapo akapanda kwa Mzee Mayala kuulizia mipaka. Mayala alitoka na jembe lake, akatembea na mgeni pembeni mwa uzio, akamwonesha kwa fahari kabisa kwamba michongoma yake imeingia kwenye kiwanja changu hatua nzima. Nimekunywa chai na mzee huyu tangu ng'ombe wake walipokuwa hai, hajawahi kunidokeza. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu: "Odera, wewe hukuuliza. Huyu kauliza." Halafu, kama vile hilo halijatosha, akamwonesha kwa kidole jabali lililo juu ya paa langu na kumwambia kuwa halijawahi kuanguka, ila yeye binafsi hapendi kulipa mgongo. Hivyo ndivyo watu wanavyomsaidia jirani yao kuuza nyumba.

Haya yote ningeyasamehe. Mimi ni Mkristo, na isitoshe nyumba ni yangu, najua ilivyo. Lililofuata ndilo lililonikalisha kwenye kalamu.

5. Alikuja msibani. Wote tunajua kuwa huku kwetu mtu akitaka kuujua mtaa hapotezi muda kuuliza maswali, anakwenda msibani. Mama wa fundi baiskeli alipofariki, Mungu amrehemu, namwona Chenge huyo. Msiba hauna kadi, hakuna aliyemzuia, lakini mimi nilimwelewa mara moja: amekuja na gololi nyingine. Alibeba mabenchi, akachota maji, akaenda kuchimba kaburi na vijana, na muda wote huo macho yake yanapima. Nani kafika kwanza. Nani anaosha masufuria bila kuambiwa. Mtu asiye na ndugu hapa mjini anakalishwa wapi. Goti langu lilinizuia kufanya lolote, nikakaa kwenye kiti namtazama anavyotutazama.

Na hapo, Mwenyekiti, majirani zangu wakanimaliza. Wale wale waliofahamu kuutaja ufa wangu wakasahau kabisa kuonesha ubaya wao! Hakuna aliyegombana. Chakula kilitosha. Hata mwenye duka, ambaye salamu yake huwa anaipima kwenye mizani, alileta unga wake mwenyewe. Matanga yalipokwisha Chenge alikuja kwangu kuaga, akasema kwa sauti ya mtu aliyependa: "Mzee wangu, nisikufiche, nyumba imechoka. Lakini watu wa namna hii Mkuyuni sijawapata."

6. Matokeo yake ndiyo haya. Katiba ya chama chetu inasema nafasi ni moja kwa kila nyumba. Kikao kikakaa, jina la Chenge likapendekezwa lichukue nafasi ya nyumba yangu siku nitakapohama. Modesta ndiye aliyetumwa kunieleza. Alipiga goti, akaniamkia, akauliza kwa upole mwingi kama nimeshaijua tarehe. Nilimwambia bado. Alipoondoka nilikaa pale pale, hata chai sikuinywa.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nilitangaza nyumba, sikutangaza majirani. Tangazo la dalali ninalo hapa: vyumba vitatu, sebule, jiko, uwanja, mandhari ya ziwa kwa atakayepanda juu ya jabali. Hakuna mahali tulipoandika Modesta. Hakuna mahali tulipoandika Mayala. Adoyo alipofariki na ikabidi nimpeleke kwetu Rorya kumzika, mtaa huu ulijaza basi. Modesta hajui neno hata moja la Kijaluo, lakini alikaa jikoni na shemeji zangu mpaka tunaondoka, wanaelekezana kwa vidole na wanalia pamoja. Mayala, ambaye hakuwahi kulala mbali na mifugo yake, alilala huko chini kwenye turubai karibu na mimi. Watu hawa si sehemu ya jengo. Niliwapata mmoja mmoja, kwa kugombana nao na kupatana nao, na leo mtu anataka kuwachukua pamoja na mabati yenye kutu, kama nyongeza ya muuza nyanya.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako iamue yafuatayo.

Kwanza, iwe marufuku kukagua nyumba yoyote ya mtaa huu wakati mvua inanyesha, na wageni wote waache gololi zao ofisini kwako kabla ya kupanda mlima. Pili, jirani akiulizwa habari za nyumba ya mwenzake ajibu kuwa hajui. Akishindwa kusema hivyo, basi akohoe mpaka muulizaji aondoke.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Kwa kuwa nyumba ni mali isiyohamishika, lakini majirani wana miguu, naomba unipatie kibali kama kile wanachopewa wenye ng'ombe wanapohamisha mifugo, chenye kutaja idadi, rangi na njia watakayopita, ili niwahamishe Modesta, Mzee Mayala na wengine nitakaowaorodhesha, tuende nao Dodoma. Queen mwenyewe amesema nyumba yake ina nafasi. Chenge aachiwe alichokuja kukinunua: ufa, mteremko na jabali. Kama sheria haikuruhusu kutoa kibali cha namna hiyo, basi tugawane kwa haki. Modesta na Mayala wabaki wangu popote nitakapokuwa, yeye achukue mwenye duka.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa busara ile ile uliyoitumia kwenye kesi ya mbuzi na sare za kwaya, ambapo kila upande ulinung'unika kwa kiwango sawa.

Nisalimie mama yako, mumeo na watoto. Wasalimie wajumbe wote, pamoja na yule aliyegonga mhuri kichwa chini kwenye barua yangu ya utambulisho. Ukipita kununua samaki msalimie na Modesta, ila usimwambie kuwa nimeandika, maana atataka kuisoma na kuisahihisha.

Ni mimi, mkazi wako kwa sasa,

Gidion Odera

N.B. Kabla sijaifunga bahasha Chenge amenipigia simu. Anasema yeye na mkewe wameafikiana, bei ni ile ile niliyotaja, hapunguzi chochote, na Jumamosi anakuja na wazee wake tusaini mbele yako.

Kwa hiyo nakuomba, Mwenyekiti, yafute yote niliyoandika hapo juu. Usimfunge jirani yeyote mdomo. Waite kabla ya Jumamosi uwaambie waendelee kusema, tena waongeze. Kuna mchwa kwenye mbao za paa ambao Modesta hawajui, nitamwonesha. Ikinyesha mvua siku hiyo nitashukuru, na darini nitampandisha mimi mwenyewe na taa mkononi. Na kama baada ya hayo yote bado ataitaka, mwambie mwenye nyumba amegeuka, ni mzee, akili zake haziko sawa. Mtafutie nyumba nyingine hapa hapa mtaani, ni kijana mzuri, chama kitamfaa.

Queen nitamweleza mwenyewe. Sijui nitaanzaje, kwa sababu kile chumba amekipanga kwa upendo, na vigae vyake ni vizuri. Pasaka nilikaa kwake. Siku moja tulikuwa tunakula mchana, tukaona gari lililobeba jeneza linatoka nyumba ya pili. Hatukuwa tumejua kuwa kuna mgonjwa. Nilimuuliza marehemu ni nani, akasema hamfahamu, akainuka akafunga pazia kwa heshima, tukaendelea kula.

Mimi naogopa, mwanangu. Siku yangu ikifika sitaki kufungiwa pazia.