Kiroba Kisichofunguliwa Shambani kwa Evelina

Jumanne, 11 Februari

Nimeanza kutengeneza sinema. Ya kusisimua, ya kumfanya mtu ajimwagie chai mapajani. Nyarugusu nzima hakuna anayezijua kama mimi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini banda la video nimekaa miaka kumi na minane, tena benchi la mbele. Mwanza nimefika mara nne. Kahama sihesabu.

Wilbard, mpiga video za harusi, nimemwomba kamera. Amekataa! Ati sinema haitengenezwi na mtu ambaye hata kipaimara hajawahi kurekodi. Kipaimara chake nilikiona. Saa tatu za watu wanakula pilau. Nani anamfukuza nani? Hofu iko wapi?

Basi tutatumia simu ya Nestory, muuza nyama. Nestory ndiye jambazi pia. Uso anao. Tatizo lake, kila mteja akipita anatabasamu na kumwuliza hali ya watoto.

Jumatano, 12 Februari

Kanuni ya kwanza ya sinema hizi: mtazamaji auone mfuko, asione kilichomo. Ukishamfungulia tu, anatoka nje kununua muhogo. Kanuni ya pili: jambazi akitembea, atazame nyuma. Ya tatu siikumbuki, ila ina paka.

Tutapigia shambani kwa mke wangu, Evelina. Karanga zimechanua, mwanga mzuri, barabara iko karibu. Amekubali kwa sharti moja: mche wake usikanyagwe hata mmoja. Karanga hizo ndizo chakula chetu na ndizo mbegu ya mwakani. Akaongeza, taratibu, huku anapepeta mchele, kwamba mradi wa kuku alivumilia, mradi wa nyuki alivumilia mpaka macho yakavimba, na huu ukimwachia shamba bovu anarudi kwa mama yake Ushirombo. Nikamwambia mke wa mwongozaji hasemi hivyo.

Hakucheka.

Ijumaa, 14 Februari

Nestory ananiua! Kiroba tulikijaza maranda, naye anakitupa begani na kupiga mluzi. Jambazi gani huyo? Ikabidi niende kwa Wilbard, kwenye msingi wa studio anayoijenga, nikachukua mawe sita. Kuazima tu. Mwenyewe hakuwepo. Angekuwepo angekataa, kwa hiyo kutomwuliza ilikuwa heshima.

Uzito ukapatikana. Nestory akakiburuta kiroba katikati ya matuta, akatazama kushoto, kulia, nyuma. Akachimba, akakifukia, akafuta jasho la kweli. Tulirudia mara saba. Mara ya saba hata mimi niliyemtuma nilimwogopa.

Jilala alikuwa amesimama barabarani na sululu yake. Huyu ni mchimbaji wa dhahabu, mwaka wa ishirini yuko mashimoni. Akauliza kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu. Kwenye kiroba je? Nikasema hilo siwezi kulitamka, ni kanuni. Akatikisa kichwa polepole, kisha akaondoka mbiombio.

Mtazamaji wangu wa kwanza, na tayari amenasa!

Jumamosi, 15 Februari

Rashi. Rashi shambani kwa mke wangu! Neno likienda kwamba mahali pametema dhahabu, watu wanahamia na sululu kabla chai haijapoa. Saa mbili asubuhi nimewakuta kama mia tatu.

Kwani huku kwetu, mtu akiburuta kiroba cha mawe huku anatazama nyuma, maana yake ni moja tu: amepata mwamba, anauficha. Mimi mzaliwa wa hapa nililisahau hilo? Sikulisahau. Nilikuwa nawaza sanaa.

Nimewaambia ni sinema. Wamecheka mpaka wakaegemea mipini. Jilala akasema kila mwenye shimo ana hadithi yake, mwaka juzi mmoja aliwaambia anachimba choo. Nikawaonyesha video kwenye simu ili waamini. Kosa! Wameitazama mara tatu, kisha wakaenda moja kwa moja palepale.

Kiroba wamekifukua, wakaniletea. Mawe ya mtu, wanasema, anafungua mwenyewe. Sasa hapo ndipo nilipokwama. Watu mia tatu wanakodolea kiroba kimoja, hakuna anayekohoa! Kimya kile nimekiota miaka kumi na minane. Nikasikia mdomo wangu unasema nitakifungua kesho.

Basi wakaendelea kuchimba hadi jioni. Nusu ya shamba imekwenda. Evelina alisimama ukingoni, mkononi ana mche mmoja uliong'olewa, maua yake ya njano bado mabichi.  

Jumapili, 16 Februari

Evelina hakwenda misa. Amefunga nguo zake kwenye kitenge, akaketi kitandani.

"Baba Eliya, kiroba kina nini?"

Nikamwambia mawe.

"Mawe tu. Na jana ulishindwa kusema?"

Habari ya kile kimya nikaona haitamwingia.  Nikatoka mbio hadi shambani, nikapanda juu ya kifusi, nikamwaga kiroba mbele ya watu wote. Tazameni, nikasema, mawe sita, hayana kitu, niachieni karanga zilizobaki.

Jilala akaokota moja. Akaligonga, akalilamba, akaligeuza juani.

"Bhabha, haya umeyatoa wapi?"

Kumbe swali lilikuwa hilo! Nikamtazama Evelina, alikuwa amenifuata, kitenge kichwani, tayari kwa safari. Aibu ya wizi au mke? Nikasema kwa sauti kwamba nimeyachukua kwenye msingi wa Wilbard, bila ruhusa.

Sijamaliza hata kuona aibu, shamba likawa tupu. Wote mia tatu kwa Wilbard.

Jumatatu, 17 Februari

Msingi wa Wilbard haupo. Dhahabu nayo haipo. Mwenyekiti wa kijiji ametuita. Wilbard amelia, mtu mzima, na mimi roho yangu ni nyepesi, nikampa bega alilie. Amelikataa!

Hukumu: nifukie mashimo yote ya Evelina, kisha nimjengee Wilbard msingi upya, kwa mikono hii. Evelina amekifungua kitenge. Karanga zilizobaki zitatosha mbegu, na palipochimbwa tutapanda viazi. Lakini sinema basi. Nimeapa mbele ya Mwenyekiti.

Ijumaa, 21 Februari

Mikono ni malengelenge matupu. Tumepanda viazi matuta ishirini. Evelina ameimba kidogo akiwa anapanda. Mke huyu nampenda, na ndiyo maana sinema mpya haitagusa shamba lake hata kwa unyasi. Nimejifunza.

Seremala Nasibu ana jeneza ambalo mgonjwa wake alipona, ameniazima. Kesho saa tano asubuhi tunalipitisha sokoni, tupu, wabebaji wanne wenye miwani nyeusi, bila kumwambia mtu ni la nani. Evelina sitamwambia mapema, ili mshtuko wake uwe wa kweli. Fujo hakutakuwa na fujo yoyote. Watu wa Nyarugusu kwenye msiba ni wastaarabu kabisa. Hawaulizi, wanakuja tu, wote.