Chupa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Nashukuru nimeamka. Nashukuru paa la ukumbi nalo limeamka likiwa mahali pake, ingawa si lote. Mvua ya jana imeingia jukwaani bila tiketi. Mama mwenye jengo kaja asubuhi, kasimama chini ya tundu, kaitazama mbingu kupitia bati lake mwenyewe, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba muuza matairi anautaka ukumbi. Matairi hayaogopi mvua. Nitengeneze paa kabla mwezi haujaisha, au nifungashe virago.

Nikaenda ofisi ya leseni kuomba kibali cha onyesho la wiki ijayo. Foleni ya kukatisha tamaa. Kwa kukosa la kufanya nikasoma kanuni zilizobandikwa ukutani: udhamini wa kampuni za vileo. Marufuku kudhamini michezo. Marufuku shule. Marufuku kumbi za burudani. Halafu, chini kabisa, neno tamu kuliko yote katika lugha yetu: isipokuwa. Isipokuwa kumbi za sanaa za maonyesho! Kwa masharti, lakini nani ameoa bila masharti?

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara tunamwita Bwana Taa, kwa sababu ya taa zinazometameta mlangoni kwake kama gari la wagonjwa. Anaonyesha mpira na kuuza bia. Yeye katika ile isipokuwa hayumo. Nimemshukuru Mungu kwa hilo pia, polepole, asinisikie vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Kiwanda cha bia nilichokiandikia jana kimenijibu haraka kuliko ndugu zangu wanavyonijibu. Mchana akafika dada wa masoko, viatu vya kisigino, akiruka madimbwi ya jukwaani kama swala. Nikamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamziba macho. Nikamweleza mchezo wetu: baba aliyeikimbia familia anarudi nyumbani na kukuta hata mbwa hamjui. Akasema kiwanda kitaezeka paa upya na kutupa pazia jipya lenye jina la bia yao. Nikataka kumkumbatia. Nikajizuia nikaukumbatia mlango.

Jioni nikampa mke wangu habari njema. Anashona mavazi ya waigizaji wote, na wakati huo sindano ilikuwa mdomoni. Akaitoa, akauliza kama nimemwambia kaka yake.

Kaka yake ndiye baba wa mchezo. Ndiye mwigizaji wangu pekee ambaye watu hulipa kumwona. Shemeji huyu alikuwa mlevi wa kutisha, wa kulala mtaroni na kiatu kimoja. Mke wangu ndiye aliyemwokota, akamlaza kwenye kochi letu, akamshika mkono alipotetemeka, na miaka imepita hajagusa tone. Mpaka leo akija ukumbini anazunguka kupitia sokoni ili asipite mbele ya baa ya Bwana Taa.

Nikamwambia mke wangu kwamba shemeji ataajiriwa kuigiza, hatatumwa kununua. Akairudisha sindano mdomoni. Nashukuru kwa mke asiye na maneno mengi.

Alhamisi, 6 Machi

Mafundi wa kiwanda ni watu wa baraka. Mabati yanang'aa mpaka kunguru wameacha kutua. Nilisimama chini nikatazama juu nisione hata nyota moja ya mchana. Machozi yalinilenga.

Kisha likaja pazia. Nilitegemea jina tu, pembeni, kwa adabu. Wametuchorea chupa. Chupa kubwa kuliko mtu, yenye povu mdomoni na matone ya baridi yanayoteremka, imechorwa kwa ufundi hata mimi nisiyekunywa nilimeza mate. Dada wa masoko akasema ndani ya ukumbi kanuni zinaruhusu.

Ndani, naam. Ila milango ya mbele ikiwa wazi, chupa inaonekana mpaka barabarani, na sharti la kwanza linasema isionekane barabarani. Nimeligundua hilo kwa msaada wa Bwana Taa. Alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, magari yakimpigia honi, akaniuliza kwa sauti kwa nini yeye amekatazwa hata kibao kidogo na mimi nimeruhusiwa ghorofa. Nikamjibu kwamba yangu ni sanaa. Akasema atakwenda kuiuliza ofisi ya leseni sanaa ni kitu gani.

Nimetundika mashuka mawili mlangoni. Ya maua. Nimeyatoa kitandani mwetu bila kuomba ruhusa, ili nisimsumbue mke wangu ambaye ana kazi nyingi.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Taa ni mtu wa ahadi zake. Afisa leseni kafika kabla sijanywa chai.

Nashukuru kwamba ni mstaarabu. Alipenya katikati ya mashuka, akavua kofia, akalitazama pazia kwa muda mrefu sana. Akasema chupa imechorwa vizuri. Akauliza kwaya ya watoto hufanyia wapi mazoezi. Nikasema hapa hapa, kila Jumamosi asubuhi. Sijui kwa nini Mungu alinipa ulimi mwepesi hivi. Akanikumbusha sharti la pili: mtoto asiwe na jina la kileo mbele ya macho yake. Ama niwaondoe watoto, ama niliondoe pazia, ama nifunge ukumbi. Atarudi kesho kuangalia.

Kuwaondoa watoto siwezi. Mwalimu wa kwaya ni binamu wa mama mwenye jengo. Kuliondoa pazia siwezi. Dada wa masoko atashusha mabati yake. Nikazunguka jukwaa nikikuna kichwa mpaka kikauma. Halafu akili ikaja. Akili ni nywele, na leo zangu zimeota.

Nimeligeuza pazia! Mgongo wake, mweusi tii, unawatazama watu. Chupa inatazama nyuma, walipo waigizaji tu, watu wazima wenye akili timamu. Hakuna mtoto anayeiona. Barabarani haionekani. Dada wa masoko nimemwambia kwamba siku ya onyesho tutaligeuza tena. Mashuka nimeyarudisha kitandani, yana alama kidogo za mafuta ya bawaba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimetimiza kanuni zote kwa pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi watoto wameimba kama malaika mbele ya pazia jeusi. Afisa leseni kafika, kaangalia, kaniambia kazi nzuri. Nimpe nini mtu kama huyu?

Mchana mazoezi. Shemeji alikuja kwa njia yake ya sokoni, shati limepigwa pasi, akanisalimu, akaenda nyuma ya pazia kusubiri zamu yake. Baba wa mchezo haingii mapema. Anatakiwa asimame pale, gizani kidogo, asikilize familia yake ikimsema, mpaka pazia lifunguke. Tukaanza. Familia ikamsema. Nikavuta kamba. Pazia likafunguka.

Hapakuwa na baba.

Nikafikiri amekwenda msalani. Mke wangu hakufikiri hivyo. Alipita nyuma, akalikunjua pazia, akaiona ile chupa uso kwa uso, akanigeukia. Tumeoana siku nyingi na sikuwahi kuona macho yale. Akaniuliza kaka yake alisimama hapo peke yake muda gani. Kabla sijahesabu alikuwa ameshatoka mbio, kandambili moja imebaki ukumbini.

Yeye akashika upande wa stendi. Mimi nikavuka barabara, roho mkononi, nikaingia kwa Bwana Taa. Watu wamejaa, mpira unaendelea. Nikatazama kaunta. Hayupo. Nikatazama kila meza, wenye timu iliyokuwa inafungwa wakanitukana kwa kuwaziba. Mhudumu akaniashiria mlango wa nyuma.

Uani palikuwa na ndoo mbili na rundo la viazi. Shemeji ameketi juu ya kreti lililogeuzwa, anamenya. Mbele yake, juu ya kreti jingine, Bwana Taa mwenyewe anamenya pia, mwenye duka zima la bia, na pembeni yao kuna birika la chai. Alikuwa amemwona shemeji anavuka barabara kwa njia asiyoizoea, moja kwa moja, macho yamekufa. Akamshika mkono mlangoni. Akawaambia wahudumu wake kwamba atakayemuuzia mtu huyu chochote chenye povu leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kazi. Akamleta kwenye viazi.

Nikakaa chini. Shemeji hakuniangalia. Alimaliza kiazi alichoshika, akakitumbukiza ndooni.

"Shemeji, sikukimbia kazi," akasema. "Ile chupa ni kubwa kuliko mimi. Nilisimama nayo pale gizani mpaka nikaona naanza kuisalimia."

Kanuni zote nazijua kwa moyo, hamna hata moja iliyonisaidia. Nikasema pole. Bwana Taa akanipa kisu, nami nikaanza kumenya. Namenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Tulimenya hivyo mpaka mke wangu akatufikia, mguu mmoja pekupeku, akamshika kaka yake kichwa kwa mikono miwili, akamnusa mdomo kama anavyomnusa mtoto aliyeiba sukari. Chai tupu. Akakaa naye akalia.

Bwana Taa nimemshukuru. Akasema haikuwa kwa ajili yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anazungumza nami kupitia watu wengine.

Nimelishusha pazia mwenyewe, nikalikunja chupa ndani. Kisha nikampigia simu dada wa masoko nikamwambia kila kitu, maana sikuwa na uongo uliobaki wenye nguvu. Akaja ingawa ni Jumapili, viatu vya chini. Nilikuwa nimekwisha kuegemeza ngazi ukutani ili mafundi wake washushe mabati bila usumbufu.

Akaniuliza shemeji yuko wapi. Alikuwa jukwaani anafagia. Akaenda akaongea naye pembeni, sijui waliongea nini, nilijaribu kusikiliza nikajikwaa kwenye ngazi. Aliporudi alisema wakubwa wake hawatapenda isikike kwamba mwigizaji alikimbia bia yao. Pazia atalichukua. Udhamini umekwisha.

"Na mabati?" nikauliza.

"Bati halina jina," akasema. "Liacheni lilale hapo hapo."

Sijui katika kanuni hilo liko kifungu gani. Nikamshukuru mpaka akaniomba nimwachie mkono.

Shemeji naye kasema ataigiza. Sharti lake ni moja: asisimame tena peke yake nyuma. Mke wangu atasimama naye pale, na sindano zake. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya onyesho. Tulicheza mchana, bila pazia. Waigizaji waliingia wazi, watu wakiwaona wanavuka na viti vyao, na hakuna aliyelalamika.

Katikati ya mchezo mvua ikaanza. Nilijikunja kitini kwa mazoea. Ikapiga bati kwa kishindo, ikapiga, na chini hapakudondoka hata tone. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia, baba aliyekuja kuomba kufunguliwa. Mwanawe alitakiwa amkatalie kwa maneno, lakini kwa mvua ile hakuna neno lililosikika. Shemeji alisimama tu mlangoni, kofia mkononi, akasubiri mvua ipungue, kama mtu aliyekwisha kusubiri milangoni maisha yake yote. Ukumbi mzima ukasubiri naye. Mvua ilipotulia akasema, "Ni mimi," na nikasikia mama mwenye jengo anapenga kamasi.

Bwana Taa alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amezima mpira wake ili aje. Alilia waziwazi, kisha akaniambia mabati mapya yana vumbi.

Afisa leseni alinishika mkono mlangoni, akasema sasa ameelewa kwa nini kanuni zina ile isipokuwa. Mama mwenye jengo kamwambia muuza matairi aangalie pengine. Na mke wangu, tukikunja mavazi, kaniambia nimsogezee sanduku. Kaniambia mimi, moja kwa moja, kwa mdomo wake. Nashukuru. Sina jingine, nashukuru. Ningekuwa na kofia ningeivua.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka na deni la shukrani. Watu wote wamenifanyia wema, na mimi shemeji sijamfanyia lolote. Nimewaza hilo njia nzima mpaka ofisi ya leseni, nilikokwenda kurudisha kibali.

Foleni. Nikasoma ukutani. Idara ya afya inaanzisha kampeni ya kuacha pombe, na inatafuta ukumbi wa kudhamini! Viti vipya, taa mpya. Wanataka kitu kimoja kidogo tu: picha ya mtu aliyewahi kuwa mlevi, kubwa, kwenye ukuta wa mbele, na jina lake chini, na hadithi yake yote kwa herufi za kusomeka toka mbali. Na hii inaruhusiwa kuonekana barabarani. Hakuna hata isipokuwa moja.

Waliniuliza kama mwenyewe ameridhia. Nikawaambia ni shemeji yangu.

Mchoraji anaanza kesho. Mke wangu nimemwambia ukuta unapigwa rangi, ambayo ni kweli. Shemeji nitamwambia ikishakauka, ili afurahi kwa jumla.